Kutoka Marikiti Hadi Rabai

Somo: Waebrania 13:7–14

 Leo twawaomba mfanye safari pamoja nasi. Si safari ya mbali. Ni mwendo wa siku moja kwa gari, kutoka Marikiti katika kisiwa cha Mombasa, kupita Mji wa Kale na Ngome, kuvuka Daraja la Nyali, kwenda mpaka magofu ya Jumba la Mtwana, kisha kurudi na kupanda vilima hadi Rabai. Wageni wengi hupita njia hii wakipiga picha. Sisi tuliipita pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha theolojia, watu kumi na mmoja katika gari moja, na kikapu cha chapati chini ya kiti. Tulikusudia kuwafundisha historia ya Kanisa la pwani. Lakini kabla ya jua kuchwa mmoja wao alitufundisha sisi waalimu jambo, nalo ndilo tunalotaka kuwasimulia.

Tulianzia Marikiti asubuhi na mapema. Katika vitabu vya serikali mahali hapo paliitwa Soko la Mackinnon, lililojengwa mwaka 1914. Lakini wenyeji walichukua neno la Kiingereza la soko, wakalitamka kwa kinywa chao, likawa Marikiti, na hivyo ndivyo linavyoitwa. Mna nazi, ndimu, mchicha na maembe. Mna iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, hata mtu akipita amefumba macho atajua alipo. Mzee mmoja muuza viungo aliziona kola zetu za uchungaji, akatuuliza, "Mwaenda wapi, mapadri?" Tukamjibu, "Twaenda kutazama magofu, mzee wetu." Akasema, "Haya, nendani salama. Lakini magofu yalikuwa na wenyewe. Mukifika, waulizieni na wenyewe." Tulicheka, tukamshukuru, tukaenda zetu. Tulidhani ni mzaha wa asubuhi tu.

Tukaliacha gari, tukashuka kwa miguu Ndia Kuu, yaani njia kuu, katika Mji wa Kale. Mombasa ni mji wa zamani sana. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika hapa mwaka 1331, akaandika habari za watu wanaokula ndizi na samaki, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe ya bahari na chokaa ya kuchoma, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa mkoko hautoi boriti ndefu, vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Wanafunzi walipima kwa hatua wakastaajabu. Tuliwaonyesha pia Msikiti wa Mandhry, ambao historia yake yahesabiwa tangu mwaka 1570.

Hapo tuliwakumbusha jambo ambalo Wakristo husahau. Mchungaji Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Baadaye mmisionari mwingine, William Taylor, alijifunza lugha kwa mwalimu Sikujua, na wawili hao wakakusanya tungo za Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa, zisije zikapotea. Basi lugha tunayoombea kila Jumapili tuliipokea mikononi mwa majirani zetu Waislamu. Yafaa tuwashukuru.

Kutoka hapo si mbali kufika Ngomeni. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliushambulia mji, wakauteka nyara na kuuchoma moto. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome hii juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya fundi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama ramani hiyo waona kama umbo la mtu aliyelala chali. Nao wakaipa jina lililo juu ya majina yote: Ngome ya Yesu.

Tulisimama mlangoni. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kapteni mmoja ajisifu kwa ushindi wake na kwa miji ya pwani aliyoiadhibu. Mwanafunzi mmoja, kijana mkimya ambaye hatukuzoea kusikia sauti yake, alikuwa akilitazama. Akauliza, "Mwalimu, waliipa jina la Bwana. Mbona Bwana hakukaa ndani?"

Tulimjibu kwa historia, maana historia ndiyo tuliyokuwa nayo. Tukamwambia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aligombana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila yao. Mtoto akapelekwa Goa katika Bara Hindi, akalelewa na watawa, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha mwaka 1626 akarudishwa awe mfalme mwenye jina la Kikristo. Yaliyokuwa moyoni mwake hayakuonekana. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, akawataka Wakristo wa mji wafuate. Wengi walikataa, wakauawa: Wareno, wake zao na watoto, na pamoja nao Wakristo Waafrika. Ndugu zetu hao hatuwadharau. Walikufa wakimshika Bwana wao. Lakini mtu aliyewaua alikuwa amefanywa Mkristo na wale wale waliomwua baba yake. Ubatizo wa namna hiyo wazaa nini?

Tukamwambia pia habari za mazingiwa. Waarabu wa Omani waliizunguka ngome tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Njaa na maradhi vikaua watu kuliko mizinga. Ulifika wakati Wareno wa ngomeni walikuwa wamekwisha kufa, na kuta zile zikashikiliwa kwa muda na shehe wa Faza pamoja na watu wachache wa pwani, wengi wao wanawake wa Kiafrika. Baadaye msaada ulifika, lakini mwishowe ngome ilianguka. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, nayo ikabaki gereza mpaka mwaka 1958. Siku hizi ni makumbusho, na mwaka 2011 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wareno waliitawala pwani muda wa miaka mia moja na ushee, nao hawakuacha nyuma kanisa hata moja lenye watu.

Kijana akasema, "Asante, mwalimu." Tuliona kwamba tulikuwa tumeeleza mengi, lakini swali lake lilikuwa bado limesimama pale pale.

Tukarudi garini. Tukapita Kanisa Kuu letu, lililojengwa mwaka 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington na Askofu Henry Parker. Kuba lake na matao yake yafanana na majengo ya pwani, hata mgeni huweza kulidhania msikiti. Tuliomba humo kidogo, kisha tukavuka Daraja la Nyali.

Ng'ambo ya daraja, penye njia panda, pana kengele imening'inia juu ya nguzo. Mahali hapo paitwa Kengeleni, nao ndio mlango wa Freretown. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja, na mwaka huo Sultani Barghash akatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zakamata majahazi yenye watumwa. Lakini mtu akishafunguliwa minyororo, apelekwe wapi? Kwao ni mbali, kijiji chao kimechomwa, na wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hata hawajui kwao ni wapi. Kwa ajili yao CMS walinunua ardhi hapa mwaka 1875, wakajenga nyumba, shule na kanisa, wakalima mashamba. Kengele iliwaita kazini na katika sala, na iliwaonya watu adui walipokaribia. Hapa ndipo mafunzo ya wahudumu wa Kanisa yalipoanza, kabla chuo hakijahamishiwa Limuru mwaka 1930. Sisi tunaofundisha theolojia katika nchi hii, babu yetu ni Freretown.

Hayo tuliyasema kwa haraka, bila kushuka garini, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Tukaenda kulitazama kaburi la Rosine, mke wa Krapf, karibu na ufuko unaotazamana na Mji wa Kale. Rosine na mumewe walikuwa wamekwisha kumzika mtoto wao wa kwanza katika safari zao za Uhabeshi. Walipofika Mombasa, hawakumaliza hata miezi mitatu. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa, na kile kitoto kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Baadaye aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba kaburi lile ni alama kwamba kazi ya Afrika ya Mashariki imeanza. Alianza na kaburi. Hakuwa na askari wala mzinga.

Kisha tukashika barabara ya Malindi, tukavuka mlango wa bahari wa Mtwapa, tukafika Jumba la Mtwana. Huu ulikuwa mji wa Waswahili wa karne ya 14, na watu waliuhama karne iliyofuata. Mna misikiti minne, na ule mkubwa umekaa ukingoni mwa bahari, na karibu yake kaburi lenye maandiko ya Kurani yanayowakumbusha watu habari za mauti. Kuta za nyumba zingali zimesimama chini ya mibuyu, na visima, na mahali pa kuoshea miguu. Mahali pazuri na penye kimya. Lakini jina lake lamaanisha nyumba ya mtumwa mwanamume. Mmoja wa wanafunzi akafanya mzaha, akasema, "Kumbe hata mtwana alikuwa na jumba! Nani kati yetu ni mwenye nyumba hii?" Wengine wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Yule kijana mkimya hakucheka. Tulipoketi kivulini kula chapati, akasema, "Labda mimi."

Ndipo akatusimulia. Mama wa babu yake aliteremshwa Freretown kutoka katika manowari, akiwa msichana mdogo. Hakujua jina la kijiji chake. Wengine walisema ni Mnyasa, wengine Myao. Mwenyewe alikumbuka mto tu, na mti wenye maua mekundu. Akalelewa Freretown, akaolewa Freretown, akazikwa huko. Wazao wake waliitwa Wamisheni. Wengine walipoulizana kabila na ukoo na mashamba ya mababu, wao walinyamaza.

Kisha akatukumbusha jambo ambalo sisi tulikuwa tumelisahau. Kila mwaka chuoni kwetu hufanyika jioni moja ambapo kila mwanafunzi husimama, hutaja kabila lake na kuimba wimbo wa kwao. Tuliona ni desturi njema. Mwaka wake wa kwanza, zamu yake ilipofika, alitaja kabila la majirani zao, akaimba wimbo wa kuazima. "Niliona aibu," akasema. "Nyote mlikuwa na kwenu. Nami nilikuwa nikijiandaa kuwa mchungaji, nikasimama mbele ya waalimu wangu nikasema uongo."

Wapendwa, hakuna aliyekula tena. Sisi ndio tuliomwuliza swali lile mbele ya watu. Tulifundisha juu ya kengele, na mtoto wa kengele alikuwa ameketi mbele yetu miaka miwili, wala hatukumjua. Yule mzee wa Marikiti alikuwa ametuambia: waulizieni na wenyewe.

Tuliporudi tulisimama tena Kengeleni. Mara hii tulishuka sote. Kijana akatueleza mwenyewe mambo ambayo vitabu vyetu hupita mbio. Kwamba Freretown nayo ilikuwa na dhambi zake, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulitokea malalamiko makubwa juu ya adhabu za viboko walizopigwa watu waliookolewa katika utumwa. Kwamba wengi wa mafundi, waalimu na wainjilisti wa kwanza walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik katika Bara Hindi, watu waliokombolewa baharini wakiwa watoto, wakafundishwa useremala na uhunzi na kusoma. Miongoni mwa vijana wa Nasik alikuwamo Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa David Livingstone mpaka ukazikwa London mwaka 1874, na Matthew Wellington, aliyekuwa katika msafara ule wa kuubeba mwili, akaishi Mombasa mpaka mwaka 1935.

Kutoka hapo tukapita Makupa, Changamwe na Mazeras, tukapanda mpaka Rabai. Hapa Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianza kituo mwezi wa Agosti 1846, kati ya Warabai. Rebmann alikaa karibu miaka thelathini, mpaka macho yake yakapofuka. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kiwete aliyekuwa karibu kufa, mwaka 1851. Angalieni, ndugu: Wareno walianza na mfalme, Rabai ilianza na kiwete. Mwaka 1864 walikuja wasaidizi kutoka Nasik, na mmoja wao alikuwa William Jones, aliyekuwa mtumwa utotoni mwake. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, naye akafuatana na askofu katika safari ya Buganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones aliyekuwa ameachwa nyuma akawarejesha waliosalia, akaingia Rabai mwezi wa Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa neno Ikabodi, kama katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne.

Chini ya uangalizi wa Jones Rabai ilijaa watu waliotoroka kwa mabwana zao. Mabwana wakaja juu, wakidai watu wao. Ilikuwa hatari kubwa, maana utumwa wenyewe ulikuwa bado halali pwani, nao haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Mwishowe George Mackenzie wa Kampuni ya Waingereza alikubali kuwalipa mabwana fidia, na siku ya Mwaka Mpya 1889 hati za uhuru zilitolewa hapo Rabai. Watu kama 1,400 wa vituo vya misioni walipata uhuru wao.

Tulisimama mbele ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887. Milango ilikuwa wazi, kwaya ya akina mama ilikuwa ikifanya mazoezi ya Jumapili. Sauti zao zilitoka mpaka nje. Mwanafunzi yule aliyefanya mzaha akamwendea mwenzake, akamwomba radhi. Nasi waalimu tukafanya vivyo hivyo, mbele ya wote, kwa kuwa tulikosa mbele ya wote.

Hapo ndipo tulipoona jibu la lile swali la mlangoni. Somo letu la leo latukumbusha kwamba Bwana aliteswa nje ya lango, nasi tumeitwa tumwendee huko, kwa maana hapa duniani hatuna mji wa kudumu. Waliojenga Kanisa hili la pwani waliyaelewa maneno hayo bila kuelezwa, maana wengi wao hawakuwa na mji wowote. Bwana hakukaa nyuma ya mizinga iliyopewa jina lake. Alikuwa nje, pamoja na msichana aliyekumbuka mto tu na mti wenye maua mekundu.

Ndugu wasikilizaji, parokia zetu zinajenga sana siku hizi. Twafanya harambee za kuta, za mnara, za ukuta wa kuzunguka ua. Si vibaya; hata Freretown walijenga. Lakini tukisha kujenga tujiulize: ni nani miongoni mwetu asiye na kwao, anayekaa benchi la nyuma na kuimba wimbo wa kuazima? Labda ni mtoto asiyemjua baba yake, au mkimbizi, au mjane aliyefukuzwa shambani. Labda ni sisi wenyewe tuliomwuliza swali lililomfanya aseme uongo. Mwendee wiki hii. Usimwulize kabila. Mwulize habari zake, kisha ukae umsikilize.

Chuoni kwetu tulibadili desturi. Jioni ile ingaliko, lakini kila mtu husimulia habari ya mtu mmoja aliyemletea imani. Mwaka uliofuata kijana wetu alisimama wa kwanza, akasimulia habari ya mama wa babu yake, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Na tuombe. Ee Bwana uliyetoka nje ya lango kwa ajili yetu, utusamehe pale tulipolitumia jina lako kuwa ukuta. Uwakumbuke waliopoteza kwao. Utufanye kuwa nyumba yao, hata utakapotufikisha sote katika mji wako. Amina.